Chuo cha Wananchi na Daftari la Serikali

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii hutajwa sana dukani na katika vyama vya ushirika, lakini ni nadra kuisikia ikitajwa chuoni. Pengine ni kwa sababu tumezoea kuifikiri elimu kuwa ni nuru, na nuru haina bei. Lakini kila nuru ina taa yake, na kila taa ina mafuta yake, na mafuta hununuliwa. Anayenunua mafuta ni nani? Anayeangalia kwamba mafuta yametiwa kwenye taa wala hayakuuzwa mlango wa nyuma ni nani?

Makala haya yamekusudia kueleza kwa ufupi historia ya mkono wa Serikali katika fedha na uongozi wa vyuo vyetu, hasa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Katika kueleza historia hiyo hatuna budi kukutana na swali ambalo kila wizara iliyokabidhiwa vyuo hivyo imelikuta mezani, nalo ni hili: chuo hiki ni cha nani? Swali hili si la mawakili na wahasibu peke yao. Ni swali la utamaduni, kwa maana namna watu wanavyogharimia mafunzo ya watoto wao, na namna wanavyomwuliza mwalimu habari za kazi yake, ni sehemu ya maisha yao kama zilivyo ngoma na ndoa.

Chuo kabla ya Serikali

Neno lenyewe lina historia. Katika Kiswahili cha zamani chuo ni kitabu. Baadaye neno likahama kutoka kwenye kitabu likakaa mahali pa kusomea kitabu, na mtoto wa pwani aliyepelekwa kwa mwalimu wa Kurani alisemwa kuwa yuko chuoni. Hadi leo mjuzi wa dini huitwa mwanachuoni. Chuo cha namna hiyo hakikuwa na bodi wala bajeti. Kilikuwa na ukumbi wa nyumba, mkeka, na mwalimu. Mzazi alitoa ada yake kwa desturi iliyojulikana mtaani, na mtoto alipohitimu alitoa tena kwa furaha. Kwa fundi seremala au mjenzi wa majahazi mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwanagenzi alitumikia, akafagia karakana, akabeba mbao, akajifunza kidogo kidogo. Na siku alipokuwa fundi, fundi wake alipewa kilemba. Barani nako ngariba, kungwi na mhunzi walikuwa na haki zao, kuku au mbuzi au jembe, kwa kadiri ya mila ya mahali.

Katika utaratibu huo mtu aliyelipa ndiye huyo huyo aliyekagua. Mzazi hakuhitaji taarifa ya maandishi. Aliutazama mlango uliotengenezwa na mwanawe, akaona kama umekaa sawa au umepinda. Kilemba kilitolewa mwisho wa kazi wala si mwanzo wake, na fundi aliyefundisha vibaya alijulikana mji mzima.

Hata hivyo, tusiupambe wakati huo kupita kiasi. Palikuwa na mali ya mafunzo iliyozidi uwezo wa jicho la mzazi mmoja, nayo ni mali ya wakfu. Mtu mwenye uwezo aliacha shamba la minazi au nyumba, mapato yake yatumike katika msikiti au chuo, akamweka msimamizi. Mwekaji alikufa, msimamizi akafa, wajukuu wa msimamizi wakaja. Na mara nyingine shamba la chuo likageuka shamba la ukoo. Huko Unguja mwaka 1905, chini ya himaya ya Waingereza, iliundwa Kamisheni ya Wakfu na kupewa mamlaka juu ya mali hizo. Huo ni mmoja kati ya mifano ya kwanza katika pwani yetu ya afisi ya serikali kushika daftari la mali iliyowekwa kwa ajili ya ibada na elimu. Kuna waliosema Serikali inaingilia, na kuna waliosema afadhali iingilie. Mabishano hayo hayajaisha, bali yamebadili majina tu.

Ruzuku na jicho la mkaguzi

Waingereza walipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuta shule nyingi ziko mikononi mwa misheni. Waraka wa siasa ya elimu kwa makoloni ya Afrika uliotolewa London mwaka 1925 ulitaka Serikali na misheni washirikiane, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa jambo hilo hapa nchini. Shule iliyofuata masharti ya Serikali, ikakubali kukaguliwa na kuonekana inafaa, ilipewa ruzuku. Iliyokosa masharti ilikosa ruzuku.

Kanuni hii ilikuwa na faida yake. Shule nyingi zililazimika kuwa na mwalimu aliyefundishwa, daftari la mahudhurio na mtaala unaoeleweka. Lakini yafaa tuulize mkaguzi alimkagulia nani. Hakumkagulia mzazi. Taarifa yake ilikwenda kwa Mkurugenzi wa Elimu, na kutoka hapo ikaenda kwa Gavana. Mwafrika alilipa kodi ya kichwa, na hazina za wenyeji zikachangia elimu, lakini sauti ya mlipaji haikufika mezani palipogawanywa fedha. Isitoshe, fedha zenyewe ziligawanywa kwa rangi: Wazungu mbali, Waasia mbali, Waafrika mbali. Mgawanyo huo ulifutwa baada ya uhuru tu, mfumo mmoja wa elimu ulipoanza mwaka 1962.

Vyuo vya ufundi vilichelewa sana. Shule ya ufundi ya Ifunda ilianza mwaka 1951, ya Moshi ikafuata mwaka 1957, na mwaka huo huo Dar es Salaam ikapata chuo chake cha ufundi. Hivi vilikuwa vyuo vya Serikali moja kwa moja. Wananchi waliviona kwa mbali, kama mtu aonavyo meli bandarini.

Michango na Kivukoni

Harakati za uhuru zilileta wazo jingine. Jumuiya ya wazazi, TAPA, ilijenga shule kwa nguvu za wanachama wake mahali ambapo Serikali ya kikoloni haikujenga. Na mwaka 1961, mwaka wa uhuru, kikafunguliwa Chuo cha Kivukoni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Kilifuata mfano wa Chuo cha Ruskin cha Oxford, yaani chuo cha watu wazima wasiopata nafasi ya kusoma utotoni, wakasome siasa, uchumi na historia ili wakawatumikie wenzao. Fedha zake za mwanzo zilitokana na michango ya wanachama wa TANU, ya vyama vya wananchi, na ya marafiki wa nje. Watu walitoa walichokuwa nacho. Kwa hiyo mtu wa kijiji cha mbali ambaye hakupata kukiona chuo hicho kwa macho aliweza kusema "chuo chetu" bila kuona haya.

Baadaye Kivukoni kilikuwa chuo cha Chama, kikatoa mafunzo ya itikadi kwa viongozi. Na kwa sheria ya mwaka 2005 kikawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, taasisi ya umma inayotoa vyeti na shahada. Kila hatua ilikuwa na sababu yake nzuri, na kila hatua ilikisogeza chuo karibu zaidi na Hazina na mbali kidogo na yule mchangaji wa kwanza.

Mwaka 1975

Tunafika sasa kwenye kiini cha maneno yetu. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, yalitaka elimu imfae mtu mahali alipo. Mwaka huo huo kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Makada, walimu na wanafunzi wakaingia vijijini na ubao na chaki, na kufikia mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 39. Likazuka swali la haki: mama aliyejua kusoma barua ya mwanawe sasa, asome nini tena? Baba aliyejua kuhesabu, ahesabu nini?

Jibu lilitafutwa kwa watu wa Skandinavia. Huko Denmark, mchungaji na mshairi N. F. S. Grundtvig alikuwa amehubiri chuo cha watu wa mashambani kisichokuwa na mitihani, na cha kwanza kikafunguliwa Rødding mwaka 1844. Sweden ikafuata mwaka 1868. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo hivyo, akataka kila wilaya iwe na chuo cha namna hiyo. Mwaka 1975 mpango ukaanza, kwa msaada mkubwa wa Serikali ya Sweden. Vyuo vingi havikujengwa upya. Yalichukuliwa majengo yaliyokuwapo, vituo vya mafunzo ya wakulima, vya maendeleo vijijini na vinginevyo vilivyokuwa chini ya wizara mbalimbali, vikakusanywa chini ya Wizara ya Elimu, vikapewa jina jipya. Katika miaka michache vilizidi hamsini.

Shabaha yake ilikuwa nzuri kwa usahili wake. Mwaka huo huo wa 1975 sheria iliviandikisha vijiji na kuvipa mamlaka yake. Kijiji kilitakiwa kimchague mtu wake, mume au mke, mwenye moyo wa kazi, kimpeleke chuoni akajifunze useremala, uashi, ushonaji, kilimo na ufugaji, maarifa ya nyumbani, au utunzaji wa hesabu za duka la kijiji. Akimaliza arudi kijijini. Hakulipa ada, Serikali ilimlisha na kumlaza. Cheti hakikuwa na maana kubwa, kwa sababu mwajiri wake alikuwa kijiji kilichomtuma.

Tutazame sasa mpango huu kwa jicho la daftari. Mwenye kuchagua mwanafunzi alikuwa kijiji. Mwenye kuajiri wakufunzi alikuwa wizara. Mwenye kutoa zana na majengo, kwa sehemu kubwa, alikuwa mfadhili wa nje. Mwenye kutoa unga na maharagwe alikuwa Hazina. Mkuu wa chuo alikaa katikati ya hao wote, na taarifa yake ya fedha ilipanda juu kwenda Dar es Salaam. Bodi ya chuo yenye wajumbe wa wananchi iliweza kushauri, lakini fedha hazikupita mkononi mwake. Chuo kilikuwa cha wananchi kwa jina, kwa nia na kwa wanafunzi wake. Kwa fedha hakikuwa chao.

Wakati Hazina ilikuwa na kitu, kasoro hii haikuonekana sana. Sufuria likijaa, nani anauliza kuni zimetoka wapi?

Sufuria lilipopungua

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya kumng'oa Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 viligharimu sana, na bidhaa zikaadimika. Mwaka 1986 nchi iliingia katika makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi ya huduma za jamii yakabanwa. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi havikuwa na mtetezi mwenye sauti kubwa. Shule za msingi zilikuwa na wazazi wote wa nchi. Chuo Kikuu kilikuwa na wanafunzi walioweza kuandamana. Chuo cha wilaya kilikuwa na mshonaji na mwashi.

Kufikia mwaka 1990 vyuo vilikuwa vimeondolewa Wizara ya Elimu na kuwekwa chini ya wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii. Kwa mantiki hatua hiyo ilieleweka, kwa sababu kazi ya vyuo ilikuwa maendeleo ya kijiji hasa. Kwa hesabu ilikuwa ni kuhama kutoka nyumba kubwa kwenda nyumba ndogo. Katika miaka hiyo ya 1990 msaada wa Sweden nao ulikoma, na wanafunzi wakaanza kuchangia gharama. Mara kijana alipoanza kulipa, alianza pia kuuliza: cheti hiki kitanipa kazi? Kijiji kilichokuwa kimemtuma hakikuwa tena na duka la ujamaa wala karakana. Hivyo chuo kilichoanzishwa kikiwa hakina mitihani kikaanza kuwaandaa wanafunzi kwa mitihani ya ufundi ya taifa.

Hapa naomba msomaji anivumilie nisimulie jambo niliyoliona mwenyewe. Katika miaka hiyo nilikuwa karani kijana wa hesabu, na miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kusaidia kuandika vitabu vya chuo kimoja ambacho sitakitaja jina. Wanafunzi wa useremala walitengeneza madawati kwa ajili ya shule za jirani, na shule zikalipa. Fedha zile, kwa mujibu wa kanuni, zilikuwa maduhuli ya Serikali. Nilikata stakabadhi, nikazipeleka benki, zikaingia Hazina. Sikubakiza hata senti moja, na hadi leo sioni haya kwa hilo.

Kwenye mkutano wa bodi mzee mmoja, mjumbe wa wananchi, aliuliza fedha za madawati ziko wapi. Nilimwonyesha stakabadhi. Akauliza tena kwa upole kwa nini basi karakana haina randa hata moja nzima. Nilimweleza kwamba fedha za randa huombwa katika makisio, zikipitishwa hutolewa kwa kasma yake, nasi tuliomba lakini hazijafika. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yeye ni mtu wa kijiji, hajui makisio, lakini anajua kuwa mti uliokatwa msituni kwao umekuwa dawati, dawati limekuwa fedha, na fedha zimepanda basi zikaenda Dar es Salaam zisirudi. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Mkutano uliofuata hakuja, wala ule mwingine.

Mkaguzi alipofika hakuona dosari. Vitabu vilikuwa safi. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba siku ile tulipoteza kitu ambacho hakikuwa na safu ya kuandikiwa katika daftari langu.

Kanuni ina sababu yake

Lakini haki haina budi kutendeka kwa pande zote mbili. Kanuni ile iliyonifunga mikono haikutungwa kwa ubaya. Fedha za umma huingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina kwa sababu Katiba imesema hivyo, na Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2001 imelieleza jambo hilo kwa urefu. Maana yake ni kwamba pasiwepo afisa anayekusanya na kutumia kwa mkono ule ule, pasipo Bunge kujua. Wote tuliofanya kazi ya hesabu tunajua yaliyotokea mahali ambapo kanuni hiyo ililegezwa bila kuwekwa kingine badala yake: vitabu vya stakabadhi viwili, kimoja cha mkaguzi na kimoja cha mfukoni; mahindi ya shamba la chuo yaliyovunwa na kutoonekana ghalani.

Majirani zetu wa Kenya nao wana somo la kutufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wananchi wa huko walianza kwa harambee kuchangia vyuo vya ufundi, kila eneo likitaka chake. Ng'ombe waliuzwa, mishahara ikakatwa, viongozi wakatoa ahadi hadharani. Huo ulikuwa moyo wa kusifiwa. Lakini ahadi zilikuwa nyingi kuliko hundi, eneo lilishindana na eneo, na vipo vyuo vilivyobaki kuwa maneno au majengo nusu. Serikali ililazimika kuweka masharti, kisha kutoa walimu na fedha. Vile vilivyosimama vilisimama kwa mikono miwili, wa wananchi na wa Serikali. Kile cha Murang'a, kwa mfano, leo ni chuo kikuu.

Na wale waliotuachia mfumo wa ruzuku na ukaguzi, je? Wao pia hawajatulia. Kuanzia Aprili 1993 vyuo vya elimu ya kuendelea vya England vilitolewa mikononi mwa halmashauri za mitaa, vikawa mashirika yanayojiendesha, yenye bodi zake na haki ya kukopa. Baadhi vilistawi, vingine vilizama katika madeni. Novemba 2022 idara ya takwimu ya nchi hiyo ikavihesabu tena kuwa sehemu ya sekta ya umma, na tangu hapo havikopi tena benki kwa hiari yao. Kumbe hata mwenye shule ya zamani hajamaliza somo hili.

Mageuzi ya karibuni

Hapa kwetu sheria zimeongezeka. Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, na kuipa bodi yenye wawakilishi wa Serikali, waajiri na wafanyakazi. Mafunzo hayo yakawekewa chanzo chake, tozo inayolipwa na mwajiri kwa kadiri ya mishahara anayotoa. Kiwango chake kimeshushwa mara kadhaa, na mwaka 2023 kikawa asilimia 3.5. Wazo lilikuwa la busara: anayehitaji fundi amchangie fundi. Lakini ni sehemu tu ya tozo hiyo iendayo kwenye ufundi, na waajiri wamelalamika mara nyingi kwamba wanachangia kisima wasichokiona. Mwaka 1997 likaundwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, kusajili vyuo na kusimamia ubora. Na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yakaliongezea jukumu la mafunzo ya ufundi stadi.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo vilihama tena. Kati ya mwaka 2016 na 2017 vyuo 55 vilirudishwa Wizara ya Elimu, na baada ya miaka mingi ya kuvuja, mapaa yakakarabatiwa na karakana zikapata mashine. Jambo la kufurahisha zaidi ni kwamba kazi ya asili haikufa. Wasichana waliokatishwa masomo, wengi wao mama wadogo, wameingia vyuoni humo pamoja na watoto wao, mama akisoma darasani na mtoto akilelewa katika chekechea ya chuo. Mpango huo umepewa jina la Elimu Haina Mwisho. Mwaka 1975 hakuna aliyeandika jambo hilo katika mpango, lakini waanzilishi wa mwaka 1975 wangelitambua mara moja kuwa ni la kwao.

Kwa upande wa fedha, siku hizi mtambo ndio unaotoa namba ya malipo, mzazi analipa kwa simu au benki, na shilingi yake inaonekana Hazina dakika ile ile. Karani kijana wa leo hawezi kuwa na vitabu viwili vya stakabadhi hata akitaka. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa taarifa yake kila mwaka, nayo hufika Bungeni na magazetini. Huu ni ushindi, wala tusiudharau. Lakini yule mzee wa bodi, lau angekuwa hai leo, angeuliza swali lile lile: randa iko wapi?

Macho mawili

Historia hii inatufundisha nini? Kwanza, kwamba anayelipa ndiye anayeogopwa. Alipolipa mzazi, fundi alimwogopa mzazi. Alipolipa Gavana, mwalimu mkuu alimwogopa mkaguzi. Alipolipa mfadhili, sote tulijifunza kuandika taarifa kwa lugha ya mfadhili. Mwananchi amelipa siku zote, kwa kodi na kwa jasho, lakini kwa kuwa malipo yake hupita mbali kabla ya kurudi, husahauliwa njiani kwamba ndiye mlipaji.

Pili, kuhamisha vyuo kutoka wizara hadi wizara hakujibu swali la ni cha nani. Swali hilo hujibiwa wilayani, siku ambayo hesabu inasomwa na mtu wa kawaida anaruhusiwa kunyoosha mkono.

Jambo hili si geni kwetu. Sheria zetu za serikali za mitaa za mwaka 1982 zimeupa mkutano mkuu wa kijiji mamlaka, na utaratibu umewekwa kwamba mapato na matumizi ya kijiji yasomwe mbele ya wananchi kila baada ya miezi mitatu. Kijiji kisichosomewa hesabu kinajua kuwa kimedhulumiwa, na viongozi wameng'oka kwa sababu hiyo. Ikiwa kijiji kinasomewa hesabu ya ushuru wa soko, kwa nini kisisomewe hesabu ya chuo kilichojengwa katika ardhi yake, kinachofundisha mabinti zake? Kwa nini bodi ya chuo isipewe haki, kwa kanuni iliyoandikwa na kwa kiwango kilichowekwa, ya kubakiza sehemu ya maduhuli ya karakana, ikanunua randa na nyuzi za cherehani, kisha ikakaguliwa kama anavyokaguliwa mwingine yeyote? Hapo Mkaguzi Mkuu atalinda fedha zisiibiwe, na mwananchi atalinda fedha zisilale. Jicho la mkaguzi huona karatasi ambayo mwanakijiji haioni. Jicho la mwanakijiji huona mlango uliopinda ambao mkaguzi hauoni.

Wahenga hawakusema kwamba mali yenye daftari haipotei. Walisema tu kwamba isiyo na daftari hupotea bila habari. Kazi ya kuzifuata habari zilizomo katika daftari wametuachia sisi. Mwandishi wa makala haya, aliyetumikia daftari kwa muda mrefu kuliko alivyotumikia wino wa mashairi, anamaliza kwa ubeti mmoja kwa ajili ya mzee yule wa bodi:

Chuo ni shamba la watu, si kiambo cha mmoja,
Serikali ni ya kwetu, ikaguapo twangoja,
Hesabu si fumbo katu, isomwe mbele ya waja,
Jicho moja halitoshi, mawili yalinde chuo.